Lida na tipeti za bei nafuu: pesa yako iende wapi?

*"Habari, mtaalamu. Nimeanza kuvua kwa nzi bandia. Fimbo, rili na mshipi ninavyo, lakini lida ndizo zinazonimaliza mfukoni. Pakiti moja ina lida moja tu, na nikibadilisha nzi mara chache inakuwa fupi na nene, nalazimika kufungua pakiti nyingine. Wenzangu wananishauri nihamie florokaboni kwa kuwa samaki hawaioni, ila bei yake haishikiki. Nina bobini kubwa ya nailoni ya kawaida niliyokuwa nikivulia kwa chambo. Je, siwezi kuitumia? Halafu nimepoteza samaki wawili wazuri kwa uzi kukatika, wakati nguvu iliyoandikwa kwenye pakiti ilikuwa inatosha kabisa. Ncha ya uzi iliyobaki mkononi ilikuwa imejisokota. Ninunue nini, na ni wapi naweza kubana matumizi bila kujiharibia?"*

Asante kwa kueleza kwa kina, hasa kwa kukumbuka kuitazama ile ncha iliyojisokota. Wavuvi wengi hawaiangalii, ilhali inasema mengi kuliko maandishi ya pakiti. Nikikuelewa vizuri, unaogopa kwamba uvuvi huu unamdai mtu anunue uzi wa ghali kila mara, na kwamba akithubutu kushika wa bei nafuu samaki watamponyoka. Niitoe hofu hiyo mapema. Lida zinakumaliza kwa sababu unaikata sehemu isiyopaswa kukatwa, na wale samaki wawili waliondoka kwa sababu ya fundo. Mambo yote mawili yanarekebishika bila kununua florokaboni hata mita moja.

Kwanza tuelewane majina. Mshipi mkuu ni ule mnene wenye ganda la plastiki, unaobeba uzito wa kurusha. Lida ni uzi mwangavu unaofuata baada yake: upande wa mshipi ni mnene, kisha unapungua kidogokidogo kuelekea kwa nzi. Tipeti ni kipande cha mwisho kabisa, chembamba, chenye unene uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, na ndicho kinachofungwa nzi. Lida ya dukani isiyo na mafundo imetoka kiwandani ikiwa na tipeti ndani yake, uzi mmoja mzima. Shida inaanzia hapo, maana kwa macho huwezi kujua tipeti inaishia wapi na unene unaanzia wapi.

Kwa kawaida lida ya mita 2.7, ambayo ndiyo inayouzwa sana, ina sentimita kama 50 au 60 tu za tipeti. Sasa hesabu mwenyewe. Kila unapobadilisha nzi unakata fundo la zamani na kutumia uzi mwingine kufunga jipya, na mtu asiyezoea hupoteza sentimita 10 hadi 15 kwa mara moja. Ukibadilisha nzi mara nne au tano, tipeti imekwisha na umeanza kuila sehemu inayonenepa. Lida iliyoandikwa milimita 0.18 sasa ina ncha ya 0.22 au 0.25. Uzi unagoma kupita kwenye tundu la ndoano ndogo, nzi anatua kwa kishindo, nawe unaamini lida imechakaa. Haijachakaa. Umekata mguu wake mwembamba, na kilichobaki ni kizima kabisa.

Dawa yake ni rahisi na nakusihi uanze nayo leo. Ukifungua lida mpya, kabla hujafunga nzi, ongeza mwishoni kipande cha tipeti cha sentimita 50 chenye unene sawa na ncha ya lida, au chembamba kwa hatua moja. Kuanzia hapo kata na badilisha kipande hicho peke yake. Kikibaki sentimita 25 hivi, kitoe, funga kingine. Lida yenyewe huigusi. Bobini moja ya tipeti ya mita 30 inatoa vipande 60 vya namna hiyo, na lida moja inaweza kukufikisha mwisho wa msimu mzima kama haikuchanika kwenye mawe. Hapo umeshapunguza sehemu kubwa ya gharama, na bado hatujazungumzia aina ya uzi.

Hata fundo hilo la kuunganisha, ukilirudia mara nyingi, litakula lida polepole. Kuna vipete vidogo vya chuma vya kuunganishia tipeti, vyenye kipenyo cha milimita 2 hivi. Unakifunga kipete kwenye ncha ya lida mara moja, kisha tipeti unaifunga kwenye kipete kwa fundo lilelile unalofungia nzi. Lida haipungui tena. Ni vidogo kiasi kwamba haviwezi kuzamisha lida inayoelea, na kwa mtu anayebana matumizi naviona vinajilipa haraka sana. Ubaya wake ni kwamba vikidondoka kwenye nyasi hutaviona tena, kwa hiyo vifunge nyumbani, mezani, penye mwanga.

Sasa tuje kwenye ile nailoni yako ya zamani. Ili nikujibu kwa haki lazima nieleze kwanza kwa nini lida inapungua unene. Unaporusha, nguvu inatoka mkononi, inapita kwenye fimbo, inaingia kwenye mshipi, na mshipi unakunjuka hewani kwa umbo la kitanzi. Nguvu hiyo lazima ifike kwa nzi. Mjeledi hufanya kazi kwa njia hiyohiyo: kila sehemu ni nyepesi kuliko iliyotangulia, kwa hiyo nguvu inayozidi kupungua njiani bado inatosha kuisukuma sehemu inayofuata. Lida ikianza na shina nene na gumu, inapokea nguvu kutoka kwenye mshipi bila kuvunjika mwendo, kisha inaikabidhi sehemu nyembamba taratibu hadi nzi anyooke mbele na kutua. Ukiruka ghafla kutoka uzi mnene hadi mwembamba sana, pale kwenye kiungo uzi unapinda, mwendo unakufa, na tipeti inajirundika juu ya nzi. Ukitumia uzi mwembamba mtupu kutoka kwenye mshipi, hali ni mbaya zaidi.

Angalia basi kinachodaiwa kwenye shina la lida: uzito na ugumu wa kiasi. Samaki yuko mbali nalo, halifungwi nzi, na nguvu yake ya kukatika ni kubwa mno kuliko utakayowahi kuihitaji. Kulipia uzi wa hadhi ya juu kwa ajili ya shina ni kupoteza pesa. Nailoni ya kawaida inafanya kazi hiyo vizuri, na mara nyingi ule ugumu unaowakera wavuvi wa chambo ndio unaotufaa sisi. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, bobini yako ina kazi, ila kazi gani inategemea unene wake. Ikiwa ni milimita 0.40 hadi 0.50, hiyo ni shina la lida kwa miaka. Ikiwa ni 0.25 hadi 0.35, itakuwa sehemu ya kati, au tipeti ya nzi wakubwa na wazito wanaovutwa chini ya maji. Ikiwa ni 0.20, inaweza kuwa tipeti, lakini kwa sharti la kuipima kwanza kama nitakavyoeleza.

Ukitaka kutengeneza lida yako mwenyewe, kuna mgawanyo unaohusishwa na Charles Ritz, yule mwenye hoteli wa Paris aliyekuwa mvuvi hodari: asilimia 60 shina, 20 sehemu ya kupungua, 20 tipeti. Kwa unene wa nailoni unaopatikana karibu kila mahali panapouzwa vifaa vya uvuvi, naufanya hivi: sentimita 100 za milimita 0.50, kisha 60 za 0.40, halafu 35 za 0.30, 25 za 0.25, na mwisho 50 za 0.20 ambayo ndiyo tipeti. Jumla ni sentimita 270. Kila kipande ukikate kirefu kidogo zaidi ya hapo, sentimita kama 10 kwa kila upande wenye kiungo, maana fundo linakula. Ukihitaji ncha nyembamba zaidi, ongeza kipande cha 0.18 au 0.15 baada ya ile 0.20 na uifupishe 0.20 iwe sentimita 30. Lida ya mafundo ina kasoro moja ya kweli: mafundo hunasa majani na mwani. Kwenye maji yenye uchafu mwingi unaoelea utachoka kuisafisha, na huko lida isiyo na mafundo ndiyo bora. Kwenye maji safi sioni sababu ya kuikwepa.

Na kama unavua kwa mshipi unaozama, usijisumbue na lida ya kupungua hata kidogo. Mita 1 hadi 1.5 ya nailoni moja, ya 0.25 au 0.30, inatosha. Lida ndefu hapo inamwacha nzi aelee juu wakati mshipi umeshazama, na hilo ndilo usilolitaka.

Turudi kwenye namba za pakiti, maana huko ndiko pesa nyingi zinakopotelea. Tipeti huandikwa 3X, 4X, 5X na kuendelea. Zamani kabla ya nailoni, ncha za kuvulia zilitengenezwa kwa tezi za viwavi wa hariri, na Murcia, Uhispania, palikuwa na sifa kubwa kwa kazi hiyo. Uzi ule ulivutwa kupitia matundu ya bamba la chuma ili upungue unene, na X zilihesabu mara ulizopitishwa. Ilibidi pia uulowanishe kabla ya kuufunga, la sivyo unavunjika. Nailoni, iliyobuniwa kwenye maabara za kampuni ya DuPont mwaka 1935, iliifuta kazi hiyo yote, lakini namba zikabaki. Leo 0X ni inchi 0.011, yaani milimita 0.28, na kila X inayoongezeka inapunguza inchi 0.001. Hivyo 3X ni milimita 0.20, 4X ni 0.18, 5X ni 0.15, na 6X ni 0.13.

Zingatia kwamba X ni kipimo cha unene. Haisemi chochote kuhusu nguvu. Bobini mbili za 5X kutoka kampuni mbili zinaweza kutofautiana nguvu kwa kiasi kikubwa, na mara nyingine ile inayojisifu kwa nguvu ni nene kuliko ilivyoandikwa. Nguvu inakwenda na eneo la mkato wa uzi, yaani ule uso wa duara unaobaki ukiukata wima, na eneo hilo linakua kwa mraba wa kipenyo. Uzi wa 0.20 una eneo karibu mara 1.8 ya ule wa 0.15. Kwa hiyo ongezeko dogo la unene lisilotajwa linaleta nguvu nyingi ya kujivunia kwenye pakiti, huku wewe ukidhani umepata teknolojia mpya. Kama unaweza kuazima maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, kwa fundi yeyote wa vyuma, pima. Usipoipata, weka uzi unaoujua kando ya usioujua, uviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole vitakuambia.

Kuchagua unene, gawanya namba ya ndoano kwa 3 na utapata X ya kuanzia: ndoano namba 12 inataka 4X, namba 18 inataka 6X. Kwa nzi mzito au mwenye manyoya mengi, panda hatua moja kuelekea unene. Mtu anayeanza sioni haja ya kuwa na zaidi ya bobini mbili za tipeti, mathalani 3X na 5X. Ukihitaji kitu cha katikati, moja kati ya hizo mbili itakusogeza. Kununua seti ya bobini sita kwa sababu inauzwa kwa punguzo si kubana matumizi, maana nne kati yake zitazeeka bila kufunguliwa.

Sasa hiyo florokaboni. Ni plastiki tofauti kabisa na nailoni, iitwayo polivinilideni floridi, na kampuni ya Kureha ya Japani ndiyo iliyoileta kwa wavuvi mwaka 1971. Wenzako hawakudanganyi moja kwa moja. Maji yanapinda mwanga kwa kipimo cha 1.33, florokaboni kwa 1.42, na nailoni kwa takriban 1.53, kwa hiyo ni kweli florokaboni inakaribiana zaidi na maji na inaonekana kwa shida kidogo. Lakini kutoka "kwa shida kidogo" hadi "haionekani" kuna safari ndefu. Samaki anaona uzi wote wa aina zote mbili akitaka. Kinachomtia shaka mara nyingi zaidi ni nzi anayeburutwa na uzi kinyume na mkondo, na pia uzi unaoelea juu ukibonyeza ngozi ya maji na kutupa kivuli chini. Florokaboni haiponyi lolote kati ya hayo. Tipeti ndefu na laini zaidi ndiyo inayopunguza kuburutwa, na kivuli kinaondoka ukiizamisha tipeti kwa kuiondolea mafuta: chukua udongo laini wa mfinyanzi, uchanganye na sabuni ya maji ya vyombo, upitishe kwenye sentimita 50 za mwisho. Hiyo haigharimu kitu, na mimi naithamini kuliko bobini ya florokaboni kwa yeyote anayevua nzi wa juu ya maji.

Florokaboni inakostahili sifa ni kwingine. Uzito wake kwa ujazo ni karibu 1.78 ya maji wakati nailoni ni 1.14, kwa hiyo inazama upesi zaidi. Ngozi yake ni ngumu, inavumilia kukwaruzwa na mawe na magogo. Hainywi maji. Nailoni inakunywa, na ikilowa inalainika na kupoteza sehemu ya nguvu yake. Jua pia huidhoofisha nailoni, wakati florokaboni haijali miale ya urujuanimno. Ila ugumu huohuo unafanya florokaboni ikatae mafundo ya haraka, inateleza na kujikata yenyewe ikifungwa vibaya. Na kwa kuwa haiozi wala haivunjwi na jua, kipande ulichokiacha mtoni kitamkuta mjukuu wako hapo. Mabaki ya uzi wa aina yoyote yarudishe nyumbani mfukoni na uyakate vipande vifupi kabla ya kuyatupa, kwani ndege hunaswa miguu nayo hadi kufa.

Hukumu yangu basi ni hii. Ukivua nzi wanaoelea, tumia nailoni, na hata ningepewa florokaboni bure nisingeifunga hapo, kwa vile inaelekea kumvuta nzi chini na ni ngumu kwa nzi mdogo kucheza. Ukivua nzi wanaozama karibu na chini penye mawe, florokaboni ina faida halisi, lakini kwa kipande cha mwisho tu. Hakuna sababu ya lida nzima kuwa ya florokaboni. Ukiihitaji, tafuta ile inayouzwa kwa wavuvi wa kawaida kama uzi wa kujaza rili. Ni florokaboni ileile, kwa kawaida ni laini kidogo, inakuja mita nyingi kwenye bobini moja, na bei yake kwa mita ni ndogo kuliko ya bobini ndogo za tipeti. Masharti ni mawili: milimita ziwe zimeandikwa, na pakiti iseme ni florokaboni asilimia 100. Nyingine ni nailoni iliyopakwa florokaboni kwa nje, na hiyo inakunywa maji na kuzeeka kama nailoni yoyote. Kuna pia kopolima, ambazo ni mchanganyiko wa aina za nailoni. Hizo ni nyembamba kwa nguvu yake na zinafaa sana kwa tipeti, na bei yake huwa ya wastani.

Kwa kuwa nailoni inazeeka na florokaboni haizeeki kwa kasi hiyo, punguzo la bei lina maana tofauti kwa kila moja. Bobini ya florokaboni iliyokaa sana dukani na kushushwa bei, ichukue bila wasiwasi. Bobini ya nailoni iliyokuwa ikiota jua dirishani, iache hata kama ni bure. Na hii ndiyo shaka yangu kuhusu bobini yako: haijalishi ilikuwa nzuri kiasi gani, nataka kujua ilikaa wapi. Kama ilikaa kabatini gizani, vizuri. Kama ilikaa kwenye buti la gari au juu ya ubao wa dirisha, itumie kwa shina peke yake, au usiitumie.

Kuipima si kazi. Kata mita moja, iloweshe kwenye maji kwa saa moja au mbili, maana nguvu ya uzi mkavu haikusaidii mtoni. Funga ncha moja kwenye kitu imara kwa fundo lilelile unalofungia nzi, ncha nyingine kwenye mizani ya ndoano ya kupimia mizigo, kisha vuta polepole hadi ukatike. Fanya hivyo mara tatu. Ukiona matokeo yanakaribiana na hayako chini sana ya namba ya pakiti, uzi ni mzima. Ukiona moja liko juu na jingine limeshuka vibaya, uzi umeharibika mahali pasipoonekana na siku ya samaki mkubwa utakuaibisha. Vaa miwani unapofanya hivyo, na usizungushe uzi mkononi mtupu, kwani nailoni iliyokazwa inakata nyama.

Nguvu iliyoandikwa yenyewe nayo inahitaji kuelezwa. Watengenezaji hawapimi kwa namna moja: wengine wanaandika nguvu ya uzi mkavu, bila fundo, ikiwa kwenye mashine. Chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, IGFA, kinapopima uzi kwa ajili ya rekodi kinaulowesha kwanza, na hiyo ndiyo hali inayofanana na yako. Kwa hiyo usilinganishe namba za pakiti mbili ukadhani unalinganisha nyuzi mbili.

Na hapo tumefika kwa samaki wako. Uzi uliokatika una aina tatu za ncha, na kila moja ina habari yake. Ncha iliyokatika wima, safi, ina maana uzi wenyewe ulizidiwa au ulikuwa na jeraha. Ncha yenye mikwaruzo, iliyofifia kama yenye ukungu, imesagwa na jiwe au meno. Ncha iliyojisokota, kama yako, ni fundo lililofunguka: mizunguko iliteleza mmoja baada ya mwingine hadi uzi ukachomoka kwenye tundu la ndoano, na ule msokoto ni alama ya mizunguko iliyokuwapo. Uzi wako haukukatika. Ungefunga uzi wa bei mara tano ya huo kwa namna hiyohiyo, samaki angeondoka vilevile, na kwa florokaboni angeondoka mapema zaidi.

Lifunge hivi. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoano, uzungushe ncha kwenye uzi mkuu mara tano, sita kwa tipeti nyembamba kama 6X. Rudisha ncha uipitishe kwenye kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu, kisha kwenye kile kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Kabla ya kukaza, lowesha fundo kwa mate au maji. Hatua hii si ushirikina: uzi unaposuguana ukiwa mkavu hupata joto, na joto hilo linaunguza ngozi yake palepale utakapoutegemea. Vuta polepole, bila kukurupuka, mpaka uone mizunguko imelala sambamba na kushikana, hakuna uliopanda juu ya mwenzake. Sasa vuta kwa nguvu mara moja ukiwa umeshika ndoano kwa koleo. Kama litafunguka, bora lifunguke hapo. Acha mkia wa milimita 2 unapokata, wengi hukata karibu mno na fundo linapata pa kutorokea.

Kuunganisha tipeti na lida, fundo la daktari mpasuaji linatosha. Laza nyuzi mbili sambamba zikipishana sentimita 15, fanya kitanzi kwa zote mbili kwa pamoja, pitisha ncha ya lida na urefu wote wa tipeti ndani ya kitanzi mara mbili, mara tatu kwa florokaboni, lowesha, kisha vuta ncha zote nne kwa wakati mmoja. Linashika vizuri hata nyuzi zikitofautiana unene, lakini tofauti isizidi milimita 0.05 upande wa tipeti. Na kila baada ya muda pitisha vidole kwenye tipeti. Ukigusa kifundo kidogo kilichojifunga chenyewe wakati wa kurusha, badilisha kipande hicho mara moja, kwani kifundo cha namna hiyo kinaondoa karibu nusu ya nguvu ya uzi.

Kwa hali yako ningenunua hivi, kwa mpangilio huu: bobini ya tipeti ya nailoni 5X, ya pili 3X, na pakiti moja ya vipete. Lida zako zilizokatwa usizitupe. Zile ulizodhani zimekwisha bado zina shina na sehemu ya kati nzima: kata ncha pale unene unapofika 0.25 hivi, unganisha sentimita 25 za 3X, funga kipete, ongeza tipeti, na una lida kamili tena. Florokaboni isubiri hadi utakapoanza kuvua kwenye kina mara kwa mara. Kama maji unayovua yana samaki wenye meno ya kukata, tipeti ya aina yoyote haitakusaidia, hapo panahitaji kipande kifupi cha waya.

Kuna jambo moja nisiloweza kulitibu kwa maandishi. Ukifuata haya yote, lida ikawa na mgawanyo sahihi, na bado tipeti inajirundika kila unaporusha, tatizo limehama kwenye uzi na kuingia kwenye mkono. Usiendelee kununua lida za aina nyingine kulitafutia ufumbuzi. Mtafute mwalimu wa kurusha au mvuvi mzoefu akutazame kwa nusu saa akiwa amesimama ubavuni mwako, kwani kinachokosewa mara nyingi ni wakati wa kusita mshipi unapokunjuka nyuma, na hilo mrushaji mwenyewe halioni. Nenda na lida uliyoitengeneza, umwombe airushe yeye kwanza kwa fimbo yako. Ikinyooka mikononi mwake, utajua uzi wako hauna tatizo na mnaweza kuanza kazi ya kurusha. Ulizia pia kwake au kwa wasimamizi wa maji hayo kama kuna masharti kuhusu idadi ya nzi kwenye lida moja au aina ya ndoano, kwa sababu sehemu nyingi zina masharti hayo na hayaandikwi kwenye pakiti.